Gari linalia, wewe unaongeza redio!

Wiki iliyopita niliahidi kukuletea kisa cha harusi ya jirani yangu na ule mchango ulioyeyuka. Nivumilie, harusi itasubiri. Wiki hii nina jambo ambalo nusura linizike, mimi pamoja na shangazi yangu.

Kama unavyojua, naishi hapa Chimwaga, na kazi yangu ukiacha hii ya kukuandikia ni kuendesha kagari ka mjomba. Ni kagari kadogo ka Kijapani, yale ambayo tairi za mbele ndizo zinazovuta. Nabeba wanafunzi wa chuo, nawashusha mjini, nawarudisha, jioni napeleka hesabu kwa mjomba. Form four nilimaliza, cheti kipo kabatini, lakini cheti hakipakii abiria. Kwa hiyo kagari hako ndiko ugali wangu, ndiko sabuni yangu.

Basi bwana, siku moja mwezi wa pili nikaanza kusikia sauti. Ukienda taratibu hakuna kitu. Ukifika spidi hamsini hivi inaanza: wuuuuu... kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Ukiongeza mwendo nayo inaongeza. Ukipunguza inashuka. Inatoka mbele, lakini kushoto au kulia? Hapo ndipo mtihani ulipokuwa.

Nikaipeleka habari kijiweni. Ee, kosa kubwa! Kijiweni kwetu kila mtu ni fundi, hata yule ambaye kitu pekee chenye magurudumu alichowahi kumiliki ni toroli.

Sasa hapa Chimwaga kupiga kura ni jadi yetu. Ukumbi wetu ndio ule ambao Julai 1995 Mkutano Mkuu wa CCM ulikaa kuchagua mgombea urais. Majina matatu yalifika mbele ya wajumbe: Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Raundi ya kwanza haikutoa mshindi, wakarudia, akapita Mkapa. Baadaye Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa mwaka 2007, na ukumbi ule ukawa sehemu ya chuo. Siasa zimehama lakini tabia ya kupiga kura imebaki.

Na sisi chini ya mti wetu tukaitisha mkutano mkuu wa tairi. Wagombea watatu: beringi, tairi lenyewe, na sivijointi, kile kiungo cha mwisho wa shafti kinachozungusha gurudumu. Raundi ya kwanza hakuna aliyepata nusu. Tukarudia. Sivijointi akashinda kura tano kwa nne. Wajumbe wakapiga makofi, mimi nikaenda kununua.

Laki moja na ushee ikateketea, shafti nzima ya mtumba pamoja na ufundi. Nikawasha gari kwa madaha, nikaingia lami, nikafika hamsini. Wuuuuu! Mshiko umekwenda, nyuki wamebaki.

Msomaji wangu, unadhani nilirudi kwa fundi? Thubutu! Nilifanya wanachofanya madereva wengi wa nchi hii. Niliongeza redio. Wiki mbili nzima wanafunzi wangu walikula muziki mpaka spika ikaanza kukwaruza. Abiria akiuliza, "Mbona gari inavuma?" namjibu, "Ni upepo wa Dodoma, dada yangu." Na upepo tunao kweli, kwa hiyo uongo wangu ulikuwa na mashiko.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi yangu anakaa Bahi, kule kwenye mpunga, barabara ya Singida. Ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona vivuli tu. Alikuwa na siku yake ya kliniki ya macho mjini, mjomba akaniamuru nimfuate alfajiri. Nikamkuta amekaa mlangoni, khanga mpya, kikapu mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na lile gari linaloimba?"

Nikashtuka. Kumbe alishalisikia siku nilipopeleka unga, likiwa linaingia kwa mbali. Nikacheka, nikamweka kiti cha mbele kushoto, tukaondoka. Nikanyoosha mkono kuwasha redio.

"Zima hiyo," akasema. "Mimi sioni, naangalia kwa masikio. Usinifumbe na masikio."

Nikazima. Tukaenda kimya na wuuuu yetu. Tumepita kona mbili tatu, shangazi akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayehesabu. Mwisho akasema, "Mwanangu, gari hili linalia upande wangu, hapa miguuni. Ukikata kwenda mkono wa kulia linazidi. Ukikata kushoto linanyamaza. Wewe hulisikii?"

Nikajaribu. Kona ya kulia: WUUUUU. Kona ya kushoto: kimya, au karibu na kimya. Wallahi nilipata mchecheto. Mwezi mzima nimeendesha gari lile kutwa mara kumi, nina macho mawili mazima, na mama wa miaka sabini na kitu asiyeona barabara ndiye ananifundisha!

Nilipomshusha kliniki sikwenda kijiweni. Nilikwenda moja kwa moja upande wa Kizota kwa fundi mmoja mzee, ana gereji bubu chini ya mwarobaini. Watu wanamkimbia kwa kuwa anauliza maswali mengi. Nilipomwambia tu "tairi inalia", akaweka spana chini.

"Inalia lini?" akaniuliza. "Ukinyooka au ukikata kona? Ukikanyaga breki au ukiachia? Kwenye lami au kwenye mashimo? Inakwenda na mwendo wa tairi au na mwendo wa injini?"

Nikampa ushahidi wa shangazi. Mzee akatabasamu. "Huyo mama aje nimwajiri," akasema. "Beringi ya kushoto hiyo. Lakini usinunue kitu. Kwanza tuhakikishe."

Akanieleza hivi, na mimi nakueleza wewe. Gari likikata kulia, uzito wote unaegemea kushoto, kama vile abiria kwenye daladala wanavyolaliana kona ikiwa kali. Beringi ya kushoto ikiwa imechoka, hapo ndipo inapobanwa, inapiga kelele. Ukikata kushoto inapumzika, inanyamaza. Kwa hiyo kelele ikizidi ukikata kulia, mtuhumiwa wa kwanza ni kushoto, na kinyume chake ni hivyo hivyo. Mahali pazuri pa kupimia ni kipilefti kisicho na magari. Sisi tunaoendesha kushoto, kipilefti tunakizunguka kwa kukata kulia, kwa hiyo beringi ya kushoto inajisema yenyewe. Lakini mzee akaonya: huyo ni mtuhumiwa, hajawa mfungwa. Kuna beringi zinadanganya. Lazima upandishe jeki.

Tukapandisha. Sehemu ngumu na tambarare, hendibreki juu, mawe nyuma ya tairi za nyuma, na hakuna mtu kuingiza kichwa chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mzee akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza kidogo, tk-tk. Akaniambia nikanyage breki niishikilie, akatikisa tena. Mchezo ukaisha.

"Umeona?" akasema. "Ukikanyaga breki mchezo ukaisha, ni beringi. Ukikanyaga na bado inacheza, angalia bolijointi. Na ukishika kushoto na kulia ikacheza, hiyo ni taairodi au stelingi yenyewe."

Kisha akaweka vidole kwenye springi ya shokapu, akazungusha tairi kwa mkono mwingine. Akanipa na mimi nishike. Nilisikia kitu kama mtu anasaga mchanga kwa mbali, mtetemo unapita kwenye chuma unaingia kidoleni. Tukahamia upande wa kulia. Laini kama siagi. Mzee akasema kipimo hiki ndicho kizuri kuliko vyote, kwa sababu beringi nyingi za siku hizi huvuma muda mrefu kabla hazijaanza kucheza. Ukingoja icheze, umechelewa.

Sasa kabla sijaendelea na kisa, chukua kalamu. Mzee alinipa darasa la bure na mimi si mchoyo. Gurudumu la mbele lina lugha yake, na kila kilio kina maana yake.

Kikiwa ni wuuuu kinachopanda na mwendo, ni beringi au tairi lililoliwa vibaya. Kuyatofautisha ni rahisi: hamisha tairi za mbele zipeleke nyuma. Kelele ikihamia nyuma, ni tairi. Ikibaki mbele, ni beringi. Na tairi ikiwa imeliwa kwa mabonde mabonde, usinunue mpya ukaridhika, kague shokapu na alaimenti kwanza, la sivyo na hiyo mpya italiwa.

Kikiwa ni ka-ka-ka-ka unapokunja usukani mpaka mwisho huku gari linaondoka, hapo ndipo penye sivijointi. Chungulia ile raba yake ya kufunika. Ikiwa imepasuka na grisi imetapakaa ndani ya rimu, jibu unalo. Mimi gari langu halikuwahi kusema ka-ka-ka hata siku moja. Wajumbe wa kijiweni walimchagua mgombea ambaye hakuwa hata na fomu!

Kikiwa ni nyiiii ya kuchoma masikio, na inabadilika ukikanyaga breki, ni brekipedi. Nyingi zina kijichuma kidogo kilichowekwa makusudi kuanza kukwaruza diski pedi zinapokaribia kuisha. Hicho ni kengele, ukikipuuza kinafuata kwarrr, chuma kwa chuma, na hapo unanunua pedi na diski.

Kikwaruzo chembamba kisichoisha, tena kimeanza ghafla baada ya kupita njia ya changarawe, kinaweza kuwa kokoto tu lililonasa kati ya diski na lile bati jembamba la nyuma yake. Mzee aliniambia kuna watu wamefungua gurudumu zima na kubadilisha vitu kwa ajili ya kokoto la ukubwa wa punje ya mahindi.

Kikiwa ni gong, gong kwenye matuta na mashimo, angalia bushi, vifimbo vya stabilaiza, na bolijointi. Vifimbo vya stabilaiza hupiga kelele nyingi kwa hatari ndogo. Bolijointi ni kinyume chake: inaweza kulia kidogo, halafu siku ikichomoka gurudumu linalala na gari linapiga magoti hapo hapo. Kwa hiyo gong usiipe jina mpaka fundi ameingiza mtaimbo akapima.

Na mwisho, mlio ambao hauna mjadala. Kikiwa ni kugonga kwa taratibu, kop, kop, kop, kunafuata mzunguko wa tairi, hasa kama juzi ulibadilisha tairi, na usukani unatetema: simama! Usisema "nifike hapo mbele". Inawezekana nati zimelegea. Toa wili spana, kaza kwa kuruka msalaba, si kwa kufuata mduara, na ukiona tundu la rimu limepanuka au stadi imekatika, gari haliendi popote. Baada ya kufunga tairi upya, kilomita hamsini mpaka mia za mwanzo rudia kuzikagua.

Turudi Kizota. Nilimuuliza mzee beringi ile iliuawa na nini. Naye akaniuliza, "Mwezi wa kwanza ulipita kwenye maji?" Nikakumbuka. Wewe mwenyewe unaijua Dodoma. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na korongo ambalo jana lilikuwa mchanga mtupu leo ni mto. Nilikatiza korongo moja maji yakiwa nusu ya tairi, tena nikitoka mbio, vyuma vikiwa vya moto. Beringi ya moto ikiingia maji ya baridi, hewa iliyo ndani inasinyaa, inavuta maji na tope kupita kwenye sili. Grisi inaharibika, kutu inaanza, vile vigololi vinavyotakiwa kuteleza vinaanza kusagana. Ongeza na vumbi letu na mashimo ya kwenye njia za vumbi, kazi imekwisha. Ni kitu kidogo hicho. Mwaka 1794 Philip Vaughan wa Wales alikiwekea hakimiliki kwa ajili ya ekseli za magari ya farasi, na mpaka leo kazi yake ni ile ile: vigololi katikati ya bangili mbili ili chuma kisikwaruze chuma. Ikiharibika, chuma kinakwaruza chuma.

Na je, ningeendelea na redio yangu? Mzee hakunitisha, alinieleza tu kwa utaratibu. Beringi inachemka, inalegea, gurudumu linaanza kuyumba. Breki zinakuwa za kubahatisha. Mwisho inaweza kuganda au kuvunjika, na gurudumu la mbele ndilo linaloshika usukani. Hilo likitokea Chimwaga kwenye kilima cha chuo, pengine unagonga ukingo. Likitokea barabara ya Singida ukiwa spidi themanini na lori linakuja mbele yako... Nilimfikiria shangazi na kikapu chake. Mate yakanikauka.

Kuhusu kufunga, sikiliza neno moja. Beringi ya gari dogo nyingi huingizwa kwa presi, si kwa nyundo. Ukiona fundi anaipiga nyundo kama msumari, jua anaiua kabla haijazaliwa, na baada ya miezi michache nyuki wanarudi. Nati kubwa ya katikati ikazwe kwa kipimo cha gari lako, si kwa kukisia nguvu za mkono. Na kama gari lako lina ABS, kuna beringi zenye upande wa sumaku unaosomwa na sensa. Ikifungwa kinyumenyume, taa ya ABS inawaka kwenye dashibodi na inabidi uanze upya. Na ukishindwa kutofautisha beringi halisi na feki, nenda dukani na fundi unayemwamini, angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, usitazame boksi tu. Boksi hata mimi naweza kuchapisha.

Tulibadilisha ya kushoto peke yake. Ya kulia ilikuwa nzima, mzee akakataa kuigusa. "Usile hela ya mjomba wako bure," akasema. Gharama yote, beringi, presi na ufundi, haikufika hata ile niliyotupa kwa kura tano za kijiweni.

Jioni nikamfuata shangazi. Amepangiwa tarehe ya kupasuliwa jicho la kwanza. Tukashika barabara ya Bahi, nikafika hamsini, sitini, sabini. Kimya. Tukafika ile kona ya kulia. Kimya. Nikamwangalia nikingoja sifa.

"Sasa linasikika vizuri," akasema. Kisha akanyamaza kidogo. "Ila huko nyuma kuna kitu kinagonga."

Nikasimamisha gari, nikafungua buti. Jeki. Nilikuwa sikuifunga.

Ndiyo hivyo, msomaji wangu. Wajumbe wa kijiweni wamenuna, wanadai kura zao hazikuheshimiwa. Nimewaambia rais anachaguliwa kwa kura, lakini ugonjwa wa gari unachaguliwa kwa kusikiliza na kupima. Kabla hujaingiza mkono mfukoni zima redio, fungua dirisha, jiulize: inalia lini, inalia wapi, inabadilika nikifanya nini. Ukipata majibu matatu hayo ndipo uende kwa fundi, na fundi asiyekuuliza maswali hayo mwache aendelee na wengine.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, ile harusi na mchango wake. Safari hii sihairishi. Labda gari lianze tena kuimba.